Matone manne ya mkojo hayatoshi kuiondoa kamera

Unadondosha matone manne ya mkojo kwenye kidude cha plastiki, unasubiri kama nusu saa, kisha unaangalia kama mstari umejitokeza. Aliyewahi kupimwa malaria kwa kipimo cha haraka ataelewa mara moja. Kinachotafutwa hapa ni NMP22, protini ya kiini cha seli inayoongezeka kwenye mkojo wa mtu mwenye saratani ya kibofu.

Naelewa kwa nini wengi wanakitamani kipimo hiki. Saratani ya kibofu ina tabia ya kurudi. Mgonjwa aliyeondolewa uvimbe huitwa tena baada ya miezi mitatu, akaingizwa mrija wenye kamera kupitia njia ya mkojo, na safari hizo huendelea kwa miaka. Kwa anayeuza kuku ili apate nauli ya hospitali ya rufaa, kipimo cha mkojo ni nafuu kubwa.

Ushahidi nao upo. Mwaka 2005 JAMA, jarida la kitabibu la Marekani, lilichapisha utafiti wa watu 1,331. Kati ya 79 waliokutwa na saratani, NMP22 iliwabaini 44, ilhali kutazama seli za mkojo kwa darubini kulibaini 12 tu kati ya 76. Tena protini hiyo ilinasa saratani nne ambazo kamera haikuziona mwanzoni, na tatu kati yake zilikuwa zimeshaingia kwenye msuli wa kibofu. Hiyo si faida ndogo.

Lakini wagonjwa 35 kipimo kiliwaonyesha kama wako salama. Na katika kila watu 100 wasio na saratani, 14 hivi kiliwaonyesha kama huenda wanayo. Darubini ilikosea kwa mmoja hivi.

Kwetu Tanzania hesabu inaweza kuwa mbaya zaidi, kwa sababu ya kichocho. Kipimo kingine cha mkojo, BTA, hutafuta protini ambayo ndugu zake wa karibu wamo ndani ya damu yenyewe, kwa hiyo mkojo wenye damu unaweza kukidanganya. Maambukizi na mawe ya kibofu huvidanganya vyote viwili. Sasa fikiria mkulima wa mpunga wa Kanda ya Ziwa au Pemba aliyeishi na kichocho cha mkojo tangu utotoni: damu ipo, kibofu kina vidonda. Kimelea hicho chenyewe husababisha saratani, na mara nyingi ni ile ya seli bapa, wakati vipimo hivi vilijaribiwa zaidi kwa aina nyingine, iliyozoeleka Ulaya na Marekani.

Kuhusu kutabiri ugonjwa utaelekea wapi, kuna protini nyingine, p53 na Ki-67, ambazo hupimwa kwenye kinyama kilichokatwa kutoka kwenye uvimbe. Zinasaidia, ila daktari bado huamua zaidi kwa kina cha uvimbe na ukali wa seli zake.

Kabla fedha za umma hazijanunua vipimo hivi, vijaribiwe kwanza kwa mikojo ya watu wetu: wenye kichocho bila saratani, wenye saratani bila kichocho, na wenye vyote viwili. Kwa sasa, mtu mzima anayekojoa damu, hata kama haumwi popote na mstari haukutokea, asirudishwe nyumbani bila kupangiwa kamera.