Duka la mtandaoni nalo lina saa ya kufungwa

Jumamosi iliyopita nililipa shilingi 1,500 kuingia semina ya wauzaji wa mtandaoni katika ukumbi mmoja hapa Kisumu, nikaambiwa kwamba usingizi ni wa maskini. Msemaji alikuwa kijana nadhifu mwenye sauti nzuri, na watu walimpigia makofi. "Ukilala, mwenzako anauza!" Alirudia mara tatu, na mara ya tatu akatutaka tuseme pamoja naye. Ukumbi mzima ukaitikia.

Mimi sikuitikia. Nilikuwa namtazama binti aliyeketi kando yangu. Alikuwa na daftari dogo la mistari, na humo aliandika, "Usingizi: masaa 4 tu," akapiga mstari chini yake, kisha akaupitisha tena ule mstari mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Kidole gumba chake cha mkono wa kulia kilikuwa kimefungwa bandeji ya kuvutika, ya rangi ya kahawia, imeshachakaa pembeni. Simu ilipolia aliishika kwa mkono wa kushoto na kuandika kwa kidole cha shahada, polepole, akikunja uso. Tulipotoka kunywa chai aliniambia anauza viatu vya watoto na mabegi ya shule, kila kitu anafanya peke yake, na gumba limeanza kumuuma kwa sababu ya kuandika. Ana miaka 23.

Nilirudi nyumbani na hasira ambayo leo Jumatano bado haijaniisha.

Nauza nguo za watoto za mitumba mtandaoni, na huu ni mwaka wangu wa sita. Nachagua kamera, yaani zile nguo bora za kwanza, sokoni Kibuye robota zikifunguliwa, nafua, napiga pasi, napiga picha dirishani mwanga ukiwa mzuri, napandisha. Mizigo inaondoka na matatu kwenda Kakamega, Bungoma, Kericho, Nakuru. Kazi hii naipenda. Imemsomesha mdogo wangu na imenunua jiko ninalopikia. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba naongea hivi kwa kuwa sijui bidii ni nini.

Mwaka wa pili ndio ulionipiga chini. Simu ilikuwa inalala chini ya mto, sauti juu. Ujumbe ukiingia saa nane usiku, "Bado iko?", najibu, "Iko dada, unataka saizi gani?" kabla jicho la pili halijafunguka. Nilijisifu kwa hilo. Nilikula nimesimama. Ibada niliihudhuria nikijibu oda chini ya benchi.

Basi siku moja mwezi wa Agosti, shule zikikaribia kufunguliwa, nilikaa sakafuni na mifuko tisa na kalamu ya wino mzito. Niliandika majina, nikafunga kwa selotepu, nikapeleka stendi. Kesho yake sweta za Kericho zilikuwa Busia na za Busia zilikuwa Kericho. Yule mama wa Busia alinipigia simu. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Mama Baraka, uko salama kweli?" Nikashindwa kumjibu. Nililia simu ikiwa sikioni, naye akasubiri upande wa pili mpaka nikanyamaza.

Sweta zilirudi, hilo halikuwa tatizo kubwa. Kilichoniliza ni kwamba wakati ule ndipo nilipotambua nawachukia wateja wangu. Simu ikilia tumbo linakaza. Mtu akiandika "Bei?" nasoma kama tusi, na ni yeye anayetaka kunipa pesa! Nilikuwa nimeanza biashara hii kwa sababu napenda kumwona mtoto amependeza, na sasa picha ya mtoto ndani ya gauni nililouza ilikuwa hainiletei lolote moyoni.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliieleza hali hii, kwa Kiingereza burnout, likasema ni jambo linalotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukudhibitiwa. Likataja alama tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na kazi yenyewe kuharibika mikononi mwako. Zote tatu zilikuwa kwenye mifuko yangu tisa.

Mama alikuja kutoka Vihiga akakaa nami siku kumi. Usiku wa kwanza alinisikia nikijibu mteja. Akawasha taa, akanyoosha mkono nimpe simu, akaifungia kabatini pamoja na sukari. "Mwanangu, ng'ombe anakamuliwa asubuhi na jioni. Wewe huyu wako unamkamua usiku wa manane unamtafuta nini?"

Sasa nataka kuongea na nyinyi mlio katika kazi hii, hasa mlioanza juzi, kuhusu mama mmoja ninayenunua kwake Kibuye. Anauza sweta na majaketi. Ikikaribia saa kumi na mbili jioni anaanza kukunja. Anafunika rundo kwa turubai la buluu, anapitisha kamba ya katani mara mbili, anaweka mawe manne kwenye pembe, kisha anakaza fundo kwa mguu. Anahesabu pesa, anazifunga kwenye pindo la leso. Siku moja nikiwa hapo alikuja baba mmoja mbio, jasho linamtoka, "Mama, nifungulie, nataka sweta moja tu ya mtoto!" Akamjibu, "Kesho, baba. Nitakuwa hapa." Hakuomba radhi, wala hakueleza sababu. Yule baba akasema sawa mama, akaenda zake. Hakuna mtu pale sokoni aliyemwona mama yule ni mvivu au hana maono. Amesomesha watoto kwa rundo lile lile.

Mimi nimesimama pale na simu mkononi, jumbe kumi na saba hazijajibiwa, nikawaza: turubai langu liko wapi? Mfanyabiashara wa soko giza linamfungia. Mvua ya jioni ya Kisumu inamfungia. Sisi giza ndilo linalotuletea wateja, maana watu wakishawalaza watoto ndipo wanaposhika simu. Malipo yanaingia kwa M-Pesa saa sita usiku sawasawa na mchana. Hakuna kitu nje yako kitakachokwambia imetosha. Usipojifungia wewe mwenyewe, hakuna atakayekufungia mpaka mwili ukufungie, na mwili haukupi notisi.

Hata sheria imetuacha hapo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi walau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Tajiri akimnyima mhudumu wake siku hiyo tutamwita mnyonyaji, na tutakuwa sahihi. Sisi tunajinyima wenyewe, mwezi baada ya mwezi, halafu tunaita kujituma. Mwaka ule nilijaribu kuhesabu saa zangu kwa wiki moja. Zilifika 91. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu kwamba mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na maradhi ya moyo kutokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Soma tena: hamsini na tano. Mimi nilikuwa nimeipita kwa saa 36 na bado nilijiona mlegevu.

Yule kijana wa jukwaani alimtaja Eliud Kipchoge, mkimbiaji wetu wa marathoni. Alisema Kipchoge hapumziki. Jamani, hapa tunaishi mwendo wa saa chache kutoka Kaptagat na Iten, wanakofanyia mazoezi wakimbiaji, na kila mtu ana binamu au jirani aliyewahi kukimbia. Muulizeni. Atakwambia kuna siku za mbio za taratibu ambazo hata mimi ningeweza kuanza nao, na mchana ni wa kulala. Kule Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, Kipchoge alimaliza umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40, na kila kilomita aliikimbia kati ya dakika 2 na sekunde 48 na dakika 2 na sekunde 52. Kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho. Aliweka mwendo anaoweza kuubeba akaubeba, na alikuwa na kundi la wakimbiaji waliopokezana kumwongoza. Kumtumia mtu huyo kumfundisha binti wa miaka 23 alale masaa manne ni kumkosea yeye na binti.

Nitakubali jambo moja, ingawa kwa shingo upande. Kuna majira hayabembelezi. Januari shule zikifunguliwa, na Desemba, nafanya kazi mpaka naona nyota, kwa sababu mauzo ya wiki hizo mbili ndiyo yanayolipa Februari. Na najua kuna anayesoma hapa ana mkopo wa simu unaoiva Ijumaa na mwenye nyumba yuko mlangoni. Huyo simwambii habari za siku ya mapumziko kana kwamba ni rahisi. Nimekuwa yeye. Lakini pia nakumbuka kwamba usiku nilizokesha hazikunilipia kodi. Nilipopiga hesabu za mwaka ule, oda nyingi zilizolipwa zilikuwa za saa mbili hadi saa nne usiku. Baada ya saa tano walikuwa wa kuuliza bei na kupotea. Nilikuwa nimeuza afya yangu kwa watu wasionunua.

Siku hizi nafunga saa nne na nusu usiku na nafungua saa mbili asubuhi. Katikati ya mchana najilaza saa moja, simu iko chumba kingine. WhatsApp Business ina sehemu ya ujumbe wa kutokuwepo, nimeupanga utoke wenyewe: "Asante kwa kuniandikia. Duka limefungwa, nitakujibu kesho saa mbili. Nikuwekee?" Hilo neno la mwisho ndilo linalofanya kazi. Asubuhi nawakuta wengi wameandika "Niwekee." Jumapili siwezi kupumzika kwa sababu ndiyo siku kubwa ya Kibuye, kwa hiyo mimi Jumapili yangu ni Jumanne. Wateja wa kudumu wanajua. Nilipoteza wachache mwanzoni, na mmoja wao aliniandikia maneno makali. Nilimwombea heri.

Yule binti nilimpa namba yangu tukiachana, nikamwambia aende akaonyeshe hilo gumba hospitali kabla ya kitu kingine chochote. Usiku wa kuamkia leo ameniandikia, saa saba kasorobo: "Dada, bado niko macho napanga oda. Naomba uniambie, ukifunga usiku hawakimbii?" Ujumbe wangu wa kutokuwepo ulimjibu kwamba duka limefungwa.

Saa mbili asubuhi nimemwandikia jibu refu. Saa tano hii bado hajausoma. Natumaini amelala.