Bakteria sugu kwenye nguruwe wa mbegu: Norway iliwahi, Denmark ikachelewa

Nguruwe mwenye MRSA ya aina ya CC398 kwa kawaida haumwi. Anakula, ananenepa, anazaa. Bakteria hao wasiosikia dawa za jamii ya penisilini hukaa puani na kwenye ngozi yake, kisha humhamia anayemhudumia. Kumwambia mfugaji achinje kundi zima la wanyama wenye afya si jambo dogo.

Norway iliamua hivyo mwaka 2013. Kitambaa hupitishwa nyuma ya masikio ya nguruwe, kingine kwenye vumbi la banda. MRSA ikionekana, nguruwe wote huondolewa, banda huoshwa na kupuliziwa dawa, kisha hupimwa upya. Wapya huletwa kutoka shamba lililo safi, tena baada ya banda lenyewe kuthibitishwa.

Denmark haikushika njia hiyo. Uchunguzi wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2008 haukukuta CC398 kwenye mashamba yake ya mbegu yaliyopimwa, yaani yale yanayozalisha majike na madume wa kuuzia wafugaji wengine, na kwenye mashamba ya kunenepesha haikufika asilimia 5. Mwaka 2016 ilikuwa asilimia 88. Biashara ndiyo iliyoisambaza: mashamba machache ya mbegu yaliyo juu ya ngazi huuza majike na madume kwa mengi ya chini, kwa hiyo moja likiambukizwa, wateja wake wote wako hatarini.

Wanaoitetea Denmark wana hoja. Nchi hiyo huzalisha nguruwe wapatao milioni 30 kwa mwaka, na Norway haifikishi hata milioni 2, wala hainunui nguruwe hai wa nje kiasi cha kutajika. Tena CC398 haiambukizi kwa urahisi kutoka mtu hadi mtu. Afadhali basi, wanasema, kukazania usafi wa wafanyakazi na kupunguza dawa, kama ulivyokusudia mpango wa kadi ya njano wa mwaka 2010 unaowabana wafugaji wanaozidisha antibayotiki.

Kwa leo nakubali. Ukiyamaliza mabanda yote hayo, mbegu safi utaitoa wapi? Ila hoja hiyo isirudishwe nyuma hadi 2008, wakati kupima nguruwe wa mbegu kabla ya kuuzwa kungetosha kuziba njia. Na kupunguza antibayotiki peke yake hakumwondoi mdudu aliyekwisha kuingia. Kuna hata zinki: oksidi yake ilitumika kwa wingi kuzuia kuhara kwa watoto wa nguruwe walioachishwa kunyonya, na jeni ya usugu wa zinki hukaa pamoja na ile ya usugu wa methisilini, dawa ya jamii ya penisilini, hivyo zinki nayo humpa nafasi mdudu huyo sugu. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi hayo Juni 2022.

Norway nayo haijapumzika. Maambukizi kadhaa yameingizwa na binadamu, hivyo mfanyakazi aliyetoka kwenye mabanda ya nguruwe ya nchi nyingine hupimwa kwanza kabla ya kukaribia nguruwe. Hilo halina mwaka wa kukoma.