Posa, Sabufa na Dawa ya Minyoo

Mke wangu hana imani na mlio wowote wa simu. Anasema kile ki-ting cha kalenda mimi nakisikia kama wimbo wa kunibembeleza. Basi kidonge cha minyoo kilipolala kabatini siku kadhaa (kile cha kutafuna, chenye ladha ya chaki), akamwita kitinda mimba wetu, yuko kidato cha pili na ndiye Wizara ya Teknolojia ya nyumba hii. Wakaweka tukio kwenye simu yangu, na mke wangu akarekodi sauti yake iwe ndiyo mlio:

"Baba Neema! Usijifanye husikii! Katafune dawa ya minyoo!"

Nikatafuna siku hiyohiyo.

Ambalo Wizara haikutangaza ni kwamba kalenda yenyewe ilikuwa na mlio mmoja kwa matukio yote. Huwezi kuipa minyoo sauti yake na kikoba sauti yake. Kuanzia hapo marejesho ya mkopo yakawa minyoo, ada ya shule minyoo, siku ya kuzaliwa ya mama mkwe, minyoo. Tukazoea. Nikiitwa, nafungua simu nione leo ni minyoo ya nini.

Ikafika posa ya Neema. Wageni saa kumi jioni, kwa kalenda 16:00, maana saa zetu haizijui. Ikumbushe dakika 30 kabla, irudie dakika 10 kabla. Hesabu safi, kwani nani amewahi kuona wageni wa posa wakiwahi?

Hawa walifika saa tisa na robo, suti zimenyooka.

Kijana wetu wa Wizara alikuwa ameunganisha simu yangu na sabufa kwa bluetooth, zilipendwa zinapiga chinichini. Bluetooth haichagui, ikibeba muziki, inabeba na arifa. Mshenga akakohoa, akasimama.

"Wazee wetu, sisi ni wapita njia. Katika kupita, tumeona ua..."

Muziki ukajishusha wenyewe, kwa adabu kabisa.

"BABA NEEMA! USIJIFANYE HUSIKII! KATAFUNE DAWA YA MINYOO!"

Vikombe vilitetemeka kwenye visosa. Shangazi wa bwana harusi akairudisha sambusa kwenye sahani. Wageni wakamtazama mke wangu, ambaye mdomo wake ulikuwa umefungwa kabisa, wakaitazama sabufa, wakamalizia kwangu.

"Ni kalenda," nikasema.

Sijui kwa nini nilidhani hilo litasaidia.

Kijana akaruka akachomoa waya wa sabufa ukutani. Mshenga, mtu mzima wa heshima, akarudi kwenye ua lake. Akalisifu, akalimwagilia, akauliza mwenye bustani ni nani. Alipofika kwenye bahasha ya barua, ikawa imebaki dakika 10 kufika saa kumi. Simu haikuwa na sabufa tena, ikatumia spika yake. Na ilikuwa mfukoni mwa shati langu.

"Baba Neema! Usijifanye husikii!..." kikapiga kelele kifua changu.

Mshenga akaishusha bahasha taratibu.

"Mzee mwenzangu," akasema, "wewe katafune tu. Sisi tutasubiri."

Nikaanza kucheka, nikaona hakuna mwenzangu. Mke wangu tayari alikuwa amesimama. "Na kweli, miezi sita imeshafika," akasema, akaleta kidonge juu ya kisosa na glasi ya maji. Nikatafuna mbele ya wakwe watarajiwa, kimya, chaki inagoma kushuka.

Shangazi akanisogelea kidogo.

"Shemeji," akanong'ona, "hakijabaki kingine?"