Kanuni Ndiyo Iliyoichora Reliance

Wapo wanaoitaja Reliance, chombo cha matanga cha Marekani kilichotetea Kombe la Amerika, shindano la vyombo vya matanga, mwaka 1903, kuwa ni hila ya kukwepa kanuni. Kwa maoni yangu lawama hiyo imemwangukia asiyestahili. Kanuni iliyotumika, ile ya klabu ya Seawanhaka, ilipima mambo mawili tu, urefu wa chombo kwenye mstari wa maji (pale maji yanapofika ubavuni) na eneo la matanga, bila kujali uzito wake wala sehemu za omo na tezi zilizoning'inia juu ya maji.

Nathanael Herreshoff wa Bristol, Rhode Island, aliyekibuni chombo hicho, alijibu alichoulizwa. Siku ya kupimwa, chombo kikiwa wima, urefu wake majini ulikuwa karibu meta 27, ilhali urefu wote ulikaribia meta 44. Upepo ulipokilaza, omo na tezi ziliingia majini, mstari wa maji ukarefuka, na kwa kuwa kasi ya juu ya chombo cha namna hiyo hufuata urefu huo, kikapata mwendo ambao vipimo havikuuhesabu. Matanga yalikuwa ya meta za mraba 1,500 hivi, na mabaharia walizidi 60. Mpinzani wake, Shamrock III ya Sir Thomas Lipton, tajiri wa chai, ilishindwa mara zote tatu. Kinachonisikitisha ni kwamba baada ya msimu huo mmoja Reliance haikushindana tena, na mwaka 1913 ikavunjwa.

Anayestahili sifa zaidi, kwangu, ni Herreshoff yuleyule aliyetunga kanuni mpya ya kuziba mwanya alioupitia. Humo urefu na matanga viligawanywa kwa kipeuo cha tatu cha ujazo wa maji yanayosukumwa na chombo, hivyo mwenye kujenga chombo kizito akapata nafuu badala ya adhabu. Wazungu wa Ulaya, waliokutana London mwaka 1906, walichagua njia yao, iliyozaa madaraja ya meta 6, 8 na 12 (namba hizo ni matokeo ya hesabu, chombo cha meta 12 hukaribia meta 20). Mimi naipendelea ya Herreshoff, kwa sababu iligusa uzito waziwazi.

Mwaka 1920 Resolute, aliyoibuni kwa kanuni hiyo, ilipambana na Shamrock IV iliyokuwa kubwa zaidi. Katika shindano la tatu vyombo vyote viwili vilitumia muda uleule, na Resolute ikapewa ushindi kwa nafuu ya takriban dakika 7, ambayo kanuni iliipa kwa kuwa ndogo zaidi. Watazamaji walikuwa na haki ya kunung'unika, lakini hesabu ilikuwa sahihi.