Kagera hatukumwandikisha Mungu jeshini

Jumamosi nilipita kwenye gulio la vitu vya zamani hapa Ujerumani. Mzee mmoja alikuwa ametandaza medali, kofia na mikanda ya askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Akanionyesha bizimu ya mkanda, yenye taji katikati na maandishi yaliyolizunguka: "Gott mit uns", Mungu yu pamoja nasi. Aliposikia natoka Tanzania akaniuliza, tena kwa huruma ya kweli, kama huko kwetu watu bado wanauana kwa ajili ya dini. Bizimu bado iko mkononi mwake!

Nilicheka nikaondoka, lakini swali limenikwama kooni. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale aliwapa watu waliopigana na wakoloni wa Kijerumani maji ya kuzuia risasi, na mpaka leo Wazungu wanaeleza Majimaji kama kisa cha ushirikina. Wakati huohuo jeshi la Prussia, dola kuu ndani ya Ujerumani, lilikuwa limemfunga Mungu kiunoni. Sijui kwa nini yale ya kwetu yaitwe uchawi na haya ya kwao yaitwe sare.

Na wala si mambo ya kale. Rais Bush wa Marekani, siku 5 tu baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, alitamka kwamba hii ni vita ya msalaba. Mwaka 2010 ikagundulika kwamba darubini za bunduki walizobeba askari wa Marekani huko Iraq na Afghanistan zilichongwa kiwandani herufi ndogo ubavuni, pembeni ya namba ya modeli: JN8:12. Fungua Yohana uone: "Mimi ndimi nuru ya ulimwengu." Unalenga mtu kichwani huku umeshika aya. Patriaki Kirill wa Moscow, mkuu wa Kanisa la Orthodox la Urusi, naye, Septemba 2022, aliwahubiria Warusi kwamba askari anayekufa akitimiza wajibu wake vitani husafishwa dhambi zote. Putin alikuwa ametangaza kuwaita askari wa akiba siku chache kabla. Ibada na orodha ya walioitwa vilikwenda pamoja.

Sasa turudi kwetu, 1978. Idi Amin wa Uganda ameingia Kagera. Kama kuna vita iliyokuwa tayari kuvikwa kanzu au joho ni ile: rais wetu Mkatoliki wa kwenda misa, adui Mwislamu, na Gaddafi wa Libya anamletea askari. Mwalimu alisema nini? Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo. Hesabu tena, Mungu hayumo. Waziri wa Ulinzi alikuwa Rashidi Kawawa, mkuu wa majeshi Abdallah Twalipo, na aliyeongoza divisheni kule mbele ni David Musuguri. Hakuna aliyeuliza nani anaswali wapi. Baadaye tuliambiwa tufunge mkanda miezi 18 (ikawa zaidi, mnajua wenyewe), lakini angalau mkanda wenyewe haukuwa na maandishi.

Najua kuna atakayesema: huyu amekula baridi ya Ulaya, sasa anatufundisha. Simfundishi mtu. Ninachojivunia ni cha nyumbani, tena nakitetea mbele ya watu wasiojua hata Kagera iko wapi. Mwingine ataniambia, mbona wimbo wetu wa taifa wenyewe ni dua? Ni dua, ndiyo. Lakini kumwomba Mungu abariki nchi si sawa na kumpa cheo cha jemadari. Na wewe unayeuliza mbona nawasema Wakristo tu: Saddam, ambaye chama chake hakikuwa cha dini hata kidogo, aliongeza "Allahu Akbar" kwenye bendera ya Iraq Januari 1991, mabomu yakiwa mlangoni. Mtawala akiona sababu za duniani hazitoshi kumpeleka mtoto wa mtu kaburini, hukimbilia za mbinguni.

Kinachonichosha ni sisi wenyewe. Netanyahu wa Israel akitaja Amaleki, adui ambao Biblia inasema Waisraeli waliamriwa kuwaangamiza, kwenye hotuba, kesho yake kuna Mtanzania anasambaza aya kwenye kundi la WhatsApp kuthibitisha kwamba Gaza imeandikwa. Hamas wakiita shambulio lao Tufani ya Al-Aqsa, mwingine anajibu kwa hadithi ya Mtume. Nchi ambayo haikugawanyika kidini ilipovamiwa yenyewe, inagawanyika kwa vita ya watu wengine! Vijana wetu wawili waliokwenda Israel kusomea kilimo waliuawa katika shambulio hilo la Oktoba 7, 2023, na hata tangazo la msiba lilifuatiwa na mabishano ya nani ana Mungu wa kweli. Niliandika kwamba kwanza tuwape pole wazazi. Nikajibiwa kwamba mimi niko Ulaya, imani imenitoka.