Kipimo cha Widal kisituamulie nani ana taifodi

Ukiingia zahanati nyingi za Tanzania au Kenya na homa ya siku tatu, kichwa kinauma na mwili umechoka, utapimwa malaria, kisha damu kidogo itapelekwa kwenye Widal. Muda si mrefu unakabidhiwa karatasi iliyoandikwa O 1:160, H 1:80, yaani damu iliitikia kipimo hata ilipozimuliwa mara 160 kwa O na mara 80 kwa H. Unaambiwa una taifodi, unaanzishiwa dozi, na pengine unatakiwa urudi kila mwezi kupima kama "imeisha kwenye damu". Mimi naona kipimo hicho, kikifanywa mara moja namna hiyo, hakistahili kumwandikia dawa mtu yeyote, na kuendelea kukitegemea kunaumiza watu kwa njia mbili: asiye na taifodi anatibiwa taifodi, na mwenye nayo anachelewa hadi utumbo unatoboka.

Kipimo chenyewe kina asili ya mwaka 1896, kwa jina la Fernand Widal, daktari wa Paris. Hakitafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili umetengeneza dhidi ya sehemu mbili za bakteria, O na H. Kingamwili hizo hubaki kwa miezi mingi, wakati mwingine miaka, baada ya ugonjwa kupona. Zinaweza pia kuonekana kwa mtu mwenye malaria au aliyeambukizwa salmonela (jamii ya bakteria wa taifodi) za aina nyingine. Na katika wiki ya kwanza ya taifodi ya kweli mara nyingi bado hazijapanda, hivyo mgonjwa halisi anaambiwa yuko salama. Kwa utaratibu sahihi hupimwa damu mbili zilizotofautiana siku 10 hadi 14, kwenye mirija, na kinachotazamwa ni kama kiwango kimepanda mara nne. Ni nani kati yetu aliyewahi kuitwa arudi kwa damu ya pili?

Kinachofanyika ni Widal ya kwenye kigae: tone la majimaji ya damu, tone la kitendanishi (dawa ya maabara inayoitikia kingamwili), kuchanganya, kutikisa kwa dakika moja, kusoma. Ili upate 1:80 unapima mikrolita 20 za majimaji ya damu, kwa 1:160 mikrolita 10, kwa 1:320 mikrolita 5. Bila pipeti iliyo sahihi, tarakimu zile kwenye karatasi ni makisio. Ukiacha kigae zaidi ya dakika hiyo, matone yanaanza kukauka pembeni na kutengeneza chembechembe zinazofanana kabisa na jibu chanya. Kitendanishi kinatakiwa kikae kwenye nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika usiku kucha, hakiaminiki tena. Na kama sampuli za udhibiti, yaani zile ambazo jibu lake tayari linajulikana, chanya na hasi, hazikupimwa siku hiyo, hakuna anayejua kigae kinasema nini.

Uzito wa kuita homa kwa jina lisilo lake ulionekana wazi Moshi. Mwaka 2007 hadi 2008 watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za mji huo. Madaktari waliandika malaria kwa asilimia 60.7, iliyothibitishwa ilikuwa asilimia 1.6. Zaidi ya robo ya wale waliopimwa kwa kina walikuwa na magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama: leptospira, homa ya Q, brusela, riketsia. Siku hizi kipimo cha haraka cha malaria kikisoma hasi, jina linalorukiwa ni taifodi, na kosa ni lile lile. Mwenye brusela anahitaji doksisaiklini kwa wiki sita pamoja na dawa ya pili. Akipewa siprofloksasini ya siku saba, homa inatulia kidogo, inarudi, naye anahesabiwa kuwa na "taifodi sugu".

Hata hivyo simaanishi kwamba taifodi ni ya kubuni. Ipo, na makao yake ni utumbo mwembamba. Bakteria humezwa na maji au chakula, hupenya ukuta wa sehemu ya mwisho ya utumbo huo kupitia mabaka ya seli za kinga yanayoitwa mabaka ya Peyer, kisha huingia kwenye tezi, ini, bandama na uboho wa mifupa. Huko huzaliana, mara nyingi kwa wiki moja hadi mbili, kabla homa haijaanza. Baadaye hushuka na nyongo na kurudi kwenye utumbo ule ule. Safari hii mabaka yameshawajua adui na yanapambana kwa nguvu: yanavimba, yanakufa katikati, yanakuwa vidonda. Kidonda kikigusa mshipa wa damu, mgonjwa anatoa choo cheusi au damu. Kikifika nje, utumbo unatoboka, kwa kawaida ndani ya sentimita 60 za mwisho kabla ya utumbo mpana.

Hayo hutokea zaidi wiki ya tatu ya homa, na hapo ndipo mgonjwa aliyezungushwa na dozi nusunusu huwa amefika. Kinshasa, kati ya Oktoba 2004 na Januari 2005, ziliripotiwa kesi zaidi ya 42,000, na karibu 700 kati yao zilikuwa za utumbo kutoboka au tumbo kujaa maambukizi. Mlipuko wa Kasese, Uganda, wa 2008 na 2009 nao ulijitokeza kwa wingi wa matumbo yaliyotoboka.

Kwa hiyo mtu mwenye homa ya wiki mbili akipata maumivu ya ghafla, tumbo likawa gumu, likavimba, akaacha kutoa upepo, mapigo ya moyo yakaenda mbio, asipelekwe kupima Widal nyingine. Apigwe eksirei ya kifua akiwa amesimama, itafutwe hewa chini ya kiwambo cha mapafu. Asiyeweza kusimama alazwe ubavu wa kushoto dakika kumi, picha ipigwe kutoka upande. Hewa isipoonekana, bado utumbo unaweza kuwa umetoboka. Mkono wa daktari juu ya tumbo una uzito kuliko picha. Asile wala kunywa. Awekewe mpira wa puani, dripu ya Ringa au salaini, na katheta ili mkojo upimwe: mtu mzima afikishe angalau mililita 0.5 kwa kilo kila saa. Seftriaksoni gramu 2 kwa siku, na metronidazo miligramu 500 kila saa nane, zianze mara moja. Maandalizi haya ni ya saa chache tu. Kumsubirisha hadi kesho ni kumwachia kinyesi kikienea tumboni.

Mpasuaji anapaswa kuupitia utumbo wote, maana tundu mara nyingi lina mwenzake, au pana sehemu iliyokonda inayongoja zamu. Tundu moja hukatwa kingo zake zilizooza na kushonwa kwa upana wa utumbo, si kwa urefu, njia isije ikaziba. Matundu kadhaa yaliyokaribiana hukatwa pamoja na kipande chake. Tumbo huoshwa kwa lita nyingi za salaini ya vuguvugu. Mgonjwa aliyechelewa sana na kudhoofika ni salama zaidi kutolewa utumbo nje kwa muda kuliko kulazimisha mshono mahali ambapo nyama haishiki. Mshono kama huo huachia siku ya tano hadi ya saba.

Kipimo ninachokitetea ni kuotesha damu, yaani kuiweka kwenye chupa yenye lishe ili bakteria waliomo wakue na kutambuliwa. Mtu mzima achukuliwe mililita 10 hadi 15, mtoto mdogo 2 hadi 4, kabla ya antibaiotiki yoyote, na chupa isiwekwe kwenye friji. Damu ikiwa ndogo kipimo kinashindwa, maana bakteria huwa wachache mno katika kila mililita. Hata kikifanywa vizuri hukamata takriban wagonjwa sita katika kumi, na jibu huchukua siku mbili hadi saba. Huo ni upungufu wa kweli. Lakini jibu lake chanya ni la uhakika, na linakuambia dawa gani bado inafanya kazi. Kila hospitali ya wilaya inastahili kuwa nayo, na fedha zinazomwagwa kwenye vitendanishi vya Widal zingekuwa mwanzo mzuri.

Dawa ikianza, subira inahitajika. Azithromaisini kwa mtu mzima ni gramu 1 siku ya kwanza, kisha miligramu 500 kila siku hadi zitimie siku saba. Kwa aliyezidiwa, seftriaksoni gramu 2 kwa siku, siku kumi. Homa ya taifodi inaweza kuendelea siku nne hadi sita hata dawa ikiwa sahihi kabisa. Kubadilisha dawa siku ya pili kwa sababu "haijashuka" ni kosa la kila siku, na ndilo linalolea usugu. Kloramfeniko, ampisilini na kotrimoksazoli tayari zimeshindwa mahali pengi, na siprofloksasini inafuata.

Chanjo mpya ya taifodi, dozi moja tu, ilizuia karibu asilimia 80 ya ugonjwa kwa watoto wa Blantyre, Malawi, na Kenya ilianza kuitoa Julai 2025 kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Mzazi aliyeipata nafasi hiyo asiiache.

Baada ya kupona, Widal ya kuthibitisha haina maana, kwa kuwa kingamwili zitabaki hata bakteria wakiisha. Kinachofaa, hasa kwa anayepikia watu, ni kuotesha kinyesi zaidi ya mara moja. Wachache, asilimia 1 hadi 5, hubaki na bakteria kwenye mfuko wa nyongo bila kuumwa, zaidi wale wenye mawe humo. Hao hutibiwa kwa siprofloksasini miligramu 750 mara mbili kwa siku kwa siku 28, ikiwa bakteria wao hawajawa sugu kwayo. Mawe yakiwepo, huenda mfuko wenyewe ukalazimika kutolewa.