Kampala kila ukuta una mwenyewe

Juzi nimekaa pale Katwe nangoja jamaa wangu wa boda, mbele yangu kuna kijana anapaka kioski rangi ya kampuni moja ya simu. Ana kopo, brashi mbili na kamba aliyoichovya kwenye unga wa chaki, anaivuta, anaiachia, pwaa, mstari umenyooka. Halafu anaandika namba za wakala kwa mkono mtupu utadhani zimetoka kiwandani. Nikamuuliza, kwa mkono huo, sura ya mtu unaiweza? Akasema mbona saluni za vinyozi zote za mtaa huu vichwa vile ni vyake. Na sura ya mtu aliyepigwa risasi? Akacheka, akachovya brashi. "Ssebo, ukuta una mwenyewe, na mwenyewe naye ana wapangaji."

Swali lenyewe sikulitoa hewani, nimekaa nalo tangu 2020. Mei 25 mwaka ule George Floyd alikufa kule Minneapolis, polisi kamwekea goti shingoni zaidi ya dakika tisa watu wanatazama, na siku chache tu baadaye wachoraji watatu, Xena Goldman, Cadex Herrera na Greta McLain, wakamchora kwenye ukuta wa duka palepale alipofia. Nyuma ya kichwa chake ua kubwa la alizeti, na ndani ya ua majina ya weusi wengine waliouawa na polisi. Sikwenda, niliona kwenye simu kama nyinyi, lakini yale majina ndiyo yalinishika, kwa sababu sura unaweza kuipita ila jina lazima ulisome.

Mwezi uliofuata Kibera wakajibu. Allan Mwangi akamchora Floyd ukutani na kando yake neno moja tu, HAKI. Na Wakenya hawakuanza hapo, 2012 Boniface Mwangi na wenzake walishachora wanasiasa kama tai wala mizoga katikati ya Nairobi, usiku, watu wameamka asubuhi wanaenda kazini wanakutana na mchoro huo.

Sisi je? Mi nilipost kile kiboksi cheusi cha kumlilia Floyd mtandaoni Juni, kama kila mtu. Halafu Novemba 18 na 19 mwaka uleule, Bobi Wine, mwanamuziki aliyekuwa anagombea urais, kakamatwa Luuka, mji ukawaka, risasi zikalia, na rais mwenyewe alikuja kutaja watu 54 waliokufa. Hamsini na nne! Siku hiyo sikupost kitu. Niliogopa, basi, sina maelezo mengine. Kumlilia mtu wa Minneapolis kulikuwa rahisi kwa sababu Minneapolis hakuna anayejua ninapolala.

Kuna wanaosema haya mambo ya ubaguzi wa rangi ni ya wazungu huko, hapa anayepiga mweusi anayepigwa mweusi. Sawa, lakini jiulize hii polisi aliianzisha nani na ililetwa kumlinda nani dhidi ya nani. Hata neno afande halikuzaliwa hapa, ni la Kituruki, limeingia na askari wa Kisudani ambao Lugard, yule afisa Mwingereza, aliwachukua 1891 wamsaidie kuishika nchi. Mzungu kaondoka 1962, neno limebaki, fimbo imebaki.

Na msidhani Kampala haina maandishi ukutani. Tele! "Ardhi hii haiuzwi", hilo liko kila kona kwa sababu kila kona kuna mtu anataka kuiuza ardhi ya mwenzake. "Usikojoe hapa, faini elfu hamsini", na chini yake mchirizi. Halafu ile X nyekundu ya bomoabomoa, ukiikuta kwenye nyumba yako hulali, mtu kaja na spre sekunde tano kaondoka na maisha yako. Kwa kweli ukihesabu vizuri mchoraji mkubwa wa mji huu ni serikali. Mei 2011, baada ya zile siku za maandamano ya kutembea kwa miguu kwenda kazini, polisi waliwamwagia viongozi wa upinzani maji ya rangi ya pinki katikati ya mji, watu wazima na suti zao, pinki kichwa mpaka kiatu. Ile ni nini kama siyo grafiti, tofauti ni kwamba walichora juu ya watu.

Wananchi wakajibu kwa njia yao. 2014 vijana wawili wasio na kazi waliingiza bungeni nguruwe wadogo waliopakwa rangi ya njano. Kwa msomaji wa nje, njano huku ina mwenyewe, ni ya chama tawala, mpaka kununua shati la njano unafikiria mara mbili. Mi naona ule ndio mchoro mkali kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo, maana mchoro wenye miguu minne huwezi kuupaka chokaa.

Nilikumbuka hao nguruwe nilipoona Washington, Juni 2020, jiji limeandika Black Lives Matter kwa herufi kubwa za njano barabarani karibu na Ikulu ya Marekani. Watu wakashangilia, mi nikasema moyoni hii imeandikwa na serikali, serikali itaifuta. Machi 2025 wakaja na mashine wakaichimbua, jiji lilelile.

Sasa turudi Katwe. Jamaa wa boda hajafika bado, kijana kamaliza namba, anafuta brashi kwa gazeti. Tulikuwa tunaongea Kiganda changu kibovu na Kiswahili chake cha kuokoteza, akaniuliza, haya, ukuta ungekuwa wako ungeandika nini? Nikamwambia HAKI, kama Kibera.

Akanyamaza kidogo. Akasema hilo ni neno la Kiswahili. Ndiyo, nikajibu. Akasema basi watu wakiamka asubuhi watadhani limeandikwa na jeshi.

Sikuwa na jibu, kwa sababu mi Kiswahili nimenyonya nacho nyumbani Busia lakini hapa Kampala mama yake yeye alikisikia kwanza kwa "panda gari", enzi za utawala wa pili wa Rais Obote, watu wanazolewa mitaani wanapakiwa kwenye malori na wengine hawakurudi. "Kaa chini", "mikono juu", "leta kitambulisho", ndicho Kiswahili wanachokijua wengi.

Nikamwambia, ndiyo sababu nalitaka hilohilo. Akaiangalia ile kioski, akaniangalia mimi, akauliza herufi nne nalipa ngapi.